Wimbo wa mdudu wa Jurasiki na masikio yaliyousikia

MIFUPA hubaki. Meno hubaki, na hata nyayo za mnyama aliyepita juu ya tope hukauka, zikafunikwa, zikageuka mawe. Sauti haina bahati hiyo. Mingurumo ya dinosau na milio ya viumbe wote waliopata kuishi kabla ya binadamu ilipotelea hewani papo hapo ilipotolewa, na hakuna mwamba wowote duniani uliohifadhi hata mwangwi wake.

Ndiyo maana habari zilizotangazwa Februari 2012 na kundi la wataalamu kutoka China, Uingereza na Marekani ziliwashangaza wengi. Wataalamu hao walisema wamefaulu kukadiria wimbo wa mdudu aliyeishi miaka milioni 165 iliyopita, wakautengeneza upya kwa kompyuta hadi ukasikika. Mdudu mwenyewe walimpa jina Archaboilus musicus, na neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake ni mwenye kuhusika na muziki. Hawakuwa na chochote cha kuwaongoza ila mabawa yaliyobanwa ndani ya jiwe, pamoja na elimu ya namna wadudu walio hai wanavyoimba.

Mdudu huyo ni wa familia iitwayo Haglidae. Neno familia hapa halimaanishi mume, mke na watoto. Kwa wanabiolojia ni daraja la kuainishia viumbe, lililo juu ya spishi na jenasi. Simba, chui na paka wa nyumbani, kwa mfano, ni wa familia moja. Familia ya Haglidae ilikuwa na wadudu wa aina nyingi, nao walienea katika sehemu mbalimbali za dunia, lakini leo hakuna hata mmoja aliye hai. Wanajulikana kwa visukuku tu.

Jenasi iliyoipa familia hiyo jina, yaani Hagla, ilielezwa mwaka 1856 na Mjerumani Christoph Gottfried Giebel. Familia yenyewe iliundwa na Anton Handlirsch, mtaalamu wa Austria, mwaka 1906, katika kitabu kikubwa alichokiandika kuhusu wadudu wa visukuku. Baadaye, mwaka 1968, mtaalamu wa Urusi ya Kisovieti, A. G. Sharov, alieleza aina nyingine kadhaa kutoka Madygen, mahali palipo Kyrgyzstan ya leo, ambapo mawe ya kipindi cha Triasiki yamejaa mabawa ya wadudu. Kwa muda wote huo Haglidae walikuwa somo la watu wachache, na hakuna aliyetarajia kwamba siku moja wangetajwa katika taarifa za habari.

Walipotajwa, vyombo kadhaa vya habari vilimwita Archaboilus nyenje. Kosa hilo linaeleweka, maana kwa macho ya mtu wa kawaida wadudu hawa wanafanana na nyenje, na kazi yao ya kuimba ni ile ile. Hata hivyo, linafaa kurekebishwa. Wadudu wenye miguu mikubwa ya nyuma ya kurukia wamegawanyika katika matawi mawili. Tawi la kwanza ni la wenye papasi fupi, nao ni panzi na nzige. Tawi la pili ni la wenye papasi ndefu, nyembamba kama uzi, nao ni nyenje pamoja na senene, wale wale wanaokaangwa na kuliwa Uganda na kule Bukoba. Haglidae ni wa tawi hili la pili, na ndani ya tawi hilo wako karibu zaidi na senene kuliko nyenje.

Tofauti ya matawi hayo mawili haiishii kwenye papasi. Panzi wengi wanaoimba husugua mguu wa nyuma kwenye bawa. Nyenje na senene husugua bawa kwa bawa, na hapo ndipo penye siri ya habari hii yote.

Ukimkamata dume la nyenje na kulitazama bawa lake la mbele kwa hadubini, utaona upande wa chini mshipa mmoja mnene uliopangwa vijino, kimoja baada ya kingine, mithili ya tupa ya fundi wa chuma. Ukingo wa bawa la pili una sehemu ngumu iliyochongoka. Dume anapoyafunga mabawa yake, ncha hiyo hupita juu ya vijino vya tupa, na kila kijino kinapogongwa bawa hutikisika. Pembeni kuna utando mwembamba usio na mishipa mingi, na kazi yake ni kama ya ngozi ya ngoma: huuchukua mtikisiko huo mdogo na kuukuza uwe sauti. Majike wengi hawana ala hii. Dume huimba ili jike asikie na aje.

Sauti yenyewe haigeuki jiwe, basi, lakini ala inaweza kugeuka. Bawa la mdudu ni jembamba, ni kavu, na halina nyama ya kuoza. Likizama katika ziwa tulivu na kufunikwa haraka na tope laini, mishipa yake yote huacha alama. Mahali palipofaa kabisa kwa jambo hilo ni Daohugou, kijiji kilichoko Mongolia ya Ndani, kaskazini mwa China. Katika kipindi cha Jurasiki palikuwa na ziwa, na volkeno za jirani zilimwaga jivu lililotulia chini ya maji, tabaka juu ya tabaka. Mawe ya huko yakipasuliwa hutoa wadudu waliohifadhika hata vinyweleo vikaonekana, pamoja na mijusi, mimea na wanyama wadogo wenye manyoya.

Kutoka Daohugou ndiko lilikotoka bawa la Archaboilus musicus, lenye urefu unaozidi kidogo sentimita saba. Kwa mdudu, hilo ni bawa kubwa. Gu Jun-Jie na Ren Dong wa Beijing waliokuwa wakichunguza visukuku hivyo waliona kwamba vijino vya tupa vilikuwa vimebaki wazi kiasi cha kuhesabika na kupimwa mmoja mmoja. Waliwatafuta Fernando Montealegre-Zapata na Daniel Robert, waliokuwa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na ambao utaalamu wao ni sauti za wadudu walio hai. Mmarekani Michael Engel, mjuzi wa visukuku vya wadudu, naye alishiriki.

Swali la kwanza lilikuwa iwapo mdudu huyu aliimba au alikwaruza tu. Si wadudu wote wa jamii hii wanaotoa sauti safi. Nyenje wa nyumbani hutoa mlio mmoja ulionyooka kama wa filimbi, ilhali senene wengi hutoa sauti ya mkwaruzo, yenye noti nyingi zilizochanganyika.

Jibu lilipatikana katika nafasi zilizoachwa kati ya kijino na kijino. Mwenye gari anajua kwamba matuta ya barabarani yakiwekwa kwa umbali ulio sawa, gari likiongeza kasi matuta nayo huja kwa haraka zaidi. Mtu akitaka matuta yampate dereva kila baada ya muda ule ule, ilhali gari linazidi kukimbia, hana budi kuyaachanisha kidogo kidogo. Bawa la mdudu nalo huongeza kasi linapojifunga. Vijino vya Archaboilus vilionekana vikiachana taratibu kuanzia mwanzo wa tupa hadi mwisho wake. Kwa mpangilio huo, ncha ilivigonga kwa mwendo usiobadilika, na sauti iliyotoka ilikuwa noti moja, safi, isiyopanda wala kushuka. Isitoshe, mabawa yake mawili yalilingana, kila moja likiwa na tupa yake, tofauti na senene wa leo ambao bawa la kushoto ndilo lenye tupa inayofanya kazi.

Swali la pili lilikuwa la kimo cha noti hiyo. Hapa wataalamu walitegemea kanuni ambayo mpiga ngoma yeyote wa Pwani anaijua: chapuo, ambayo ni ngoma ndogo, hulia kwa sauti nyembamba, na msondo hulia kwa sauti nzito. Ala ya mdudu ikiwa kubwa, sauti yake huwa ya chini. Walipima ala za spishi nyingi za wadudu walio hai ambao nyimbo zao zimekwisha rekodiwa, wakapata uhusiano wa ukubwa na sauti, kisha wakaviweka vipimo vya kisukuku katika hesabu hiyo. Jibu lilikuwa mitetemo 6,400 kwa sekunde, na kila mpigo wa wimbo ulidumu sekunde moja iliyogawanywa mara elfu moja, zikachukuliwa sehemu 16 tu. Ukizidisha namba hizo mbili unapata vijino vipatavyo mia moja vilivyogongwa katika kila mpigo.

Ili msomaji apate kulinganisha, noti ya juu kabisa ya piano ina mitetemo 4,186 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000. Kwa hivyo lau binadamu angekuwapo kando ya ziwa lile la Daohugou, angemsikia Archaboilus bila taabu, kama tunavyowasikia nyenje wetu usiku baada ya mvua.

Ni kiasi gani cha haya kinachoweza kuaminiwa? Kazi ya 2012 haikuwa jaribio la kwanza la aina hiyo. Mwaka 1999 Jes Rust na wenzake walikuwa wamechapisha uchunguzi wa kuimba na kusikia kwa mdudu wa jamii ya senene aliyepatikana Denmark katika mawe ya miaka milioni 55. Lakini mdudu wa Denmark ana ndugu wengi walio hai wa kulinganishwa naye, na Archaboilus amewapita wote kwa umri wa miaka zaidi ya milioni mia moja. Kimo cha noti kinategemea fizikia ya bawa, na fizikia haijabadilika tangu Jurasiki. Hapo wataalamu wamesimama pagumu. Mahadhi ni jambo jingine. Bawa halisemi dume alirudia mpigo wake mara ngapi kwa dakika, alipumzika kwa muda gani, wala kama aliimba peke yake au kwa kupokezana na majirani. Anayeusikiliza wimbo ule wa kompyuta anasikia noti iliyokadiriwa kwa ushahidi, ndani ya mahadhi yaliyowekwa na binadamu.

Hata noti peke yake ina mengi ya kusema. Sauti nyembamba sana huzuiwa upesi na majani na vigogo, ilhali sauti ya chini hupenya na kufika mbali. Msitu wa Daohugou ulikuwa wa jamii ya misonobari, na chini yake kangaga. Mimea ya maua ilikuwa bado. Mdudu anayeimba karibu na ardhi katika kichaka cha namna hiyo anahitaji sauti itakayopita, na noti moja safi ya mitetemo 6,400 inafaa kwa kazi hiyo. Watafiti waliona pia kwamba huenda aliimba gizani, maana mwenye kutumia sauti kumwita mwenzake hana haja ya kuonekana.

Kwa wadudu hawa wimbo ni kitambulisho vile vile. Kila spishi ina wake, na jike humjua dume wa kwao kwa sauti. Wataalamu nao hutumia njia hiyo. Kenya ina mfano wa karibu: nyenje mmoja anayefugwa kwa chakula alielezwa kuwa spishi mpya mwaka 2018 na kuitwa Scapsipedus icipe, jina lililotokana na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Nairobi, na nyimbo zake zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa katika kumtofautisha na jamaa zake.

Swali lililobaki baada ya 2012 lilikuwa la upande wa pili. Wimbo bila msikilizaji ni kelele. Je, nani alisikia?

Jibu lilitolewa mwaka 2022 na watafiti wa Taasisi ya Jiolojia na Paleontolojia ya Nanjing, miongoni mwao Xu Chunpeng na Wang Bo. Walipitia visukuku vya wadudu wa tawi hili wa enzi za dinosau, na katika baadhi ya visukuku kutoka Daohugou wakayaona masikio. Masikio ya nyenje na senene hayako kichwani. Yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, nayo ni vitando vidogo vinavyotikisika sauti ikivigonga. Kwa kuwa mguu wa kushoto na wa kulia huipokea sauti kwa tofauti ndogo, mdudu anajua mwimbaji yuko upande gani. Masikio ya Daohugou, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 160, ni ya kale kuliko masikio yoyote ya wadudu wa aina hiyo yaliyokuwa yamepatikana hadi wakati huo.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine. Kufikia mwisho wa Triasiki, wadudu hawa walikuwa wamekwisha gawana sauti. Spishi moja iliimba chini, nyingine katikati, nyingine juu, kama vituo vya redio vinavyogawiwa mawimbi ili kimoja kisimfunike mwenzake. Usiku wa wakati huo, kwa hiyo, ulikuwa na waimbaji wengi, na waliotawala miongoni mwao walikuwa Haglidae.

Kisha mambo yakabadilika. Kati ya mwanzo wa Jurasiki na katikati yake, visukuku vya Haglidae vinapungua na nafasi yao inachukuliwa na familia jirani iitwayo Prophalangopsidae. Archaboilus wa Daohugou, kwa maana hiyo, hakuishi katika siku za neema za familia yake. Aliishi wakati ambapo zamu ilikuwa inakwisha. Baadaye Haglidae wakatoweka kabisa.

Kwa nini? Watafiti wa Nanjing waliona kwamba mabadiliko hayo yaliangukia wakati ule ule mamalia wadogo walipokuwa wakiongezeka kwa aina, na masikio yao yakizidi kuwa makali. Mamalia wa mwanzo walikuwa na vifupa vya sikio vilivyoshikamana na taya. Taratibu vifupa hivyo vikajitenga, vikawa vyepesi, na mnyama akaweza kuzisikia sauti nyembamba ambazo wazee wake hawakuzisikia. Daohugou kwenyewe kumepatikana mamalia wa kale na jamaa zao wa karibu wa namna tofauti. Wawili kati yao walielezwa mwaka 2006: Castorocauda, aliyeogelea na kuwa na mkia bapa, na Volaticotherium, aliyeambaa hewani kutoka mti hadi mti na ambaye meno yake yanaonyesha kuwa alikula wadudu.

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Dume wa Haglidae hakuwa na njia ya kumwita jike bila kumjulisha kila mwenye sikio mahali alipo. Maadamu wenye masikio walikuwa ni majike na madume wenzake, gharama ilikuwa ndogo. Walipotokea wawindaji wa usiku wanaosikia vyema, wimbo ule ule ukawa unamwita mchumba na mauti kwa pamoja.

Mtu anaweza kudhani kwamba hii ni hadithi ya kupendeza tu. Lakini kuna mahali ambapo jambo la aina hiyo limeonekana likitendeka kwa macho, na kwa kasi. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kuna nyenje aitwaye Teleogryllus oceanicus na kuna nzi aliyeingia kutoka Amerika Kaskazini, Ormia ochracea. Nzi huyo humsikia nyenje akiimba, humfuata, na kumwachia mabuu wanaojipenyeza mwilini na kumla akiwa hai hadi afe. Mtafiti Marlene Zuk, aliyekuwa akifuatilia nyenje hao kwa miaka mingi, aliona wimbo ukizidi kupungua. Mwaka 2003 alipokwenda alikuta kimya, ingawa nyenje walikuwa tele. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulieleza kwamba katika vizazi visivyozidi 20, zaidi ya asilimia 90 ya madume walikuwa na mabawa bapa yasiyo na ala ya kuimbia. Walikuwa bubu. Hupata majike kwa kujisogeza karibu na madume wachache ambao bado wanaimba.

Kwa hiyo, kwamba sikio la adui linaweza kuubadilisha wimbo, hata kuunyamazisha, si dhana. Ni jambo lililothibitishwa. Kwamba ndilo lililowamaliza Haglidae ni madai mazito zaidi, na msomaji anafaa kuyapokea kwa tahadhari. Mambo mawili kutokea kwa wakati mmoja si sawa na moja kulisababisha lingine. Kipindi hicho hicho hali ya hewa na mimea ilibadilika pia, na visukuku vyote vya bara fulani vya mamilioni ya miaka huenda vimetoka katika maziwa machache tu. Aidha, Prophalangopsidae waliorithi nafasi yao nao waliimba.

Kuna pia tatizo la jina lenyewe. Wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba Haglidae, kama ilivyoundwa na Handlirsch na kujazwa na waliomfuata, si familia kamili kwa maana ya mzee mmoja na wajukuu wake wote. Baadhi ya waliotiwa humo huenda ni wazazi wa familia nyingine. Ikiwa ni hivyo, basi sehemu ya Haglidae haikufa kwa maana halisi, bali ilibadilika ikaitwa kwa jina jingine. Mjadala huo haujafungwa, na hautafungwa kwa urahisi, kwa sababu kisukuku kingi ni bawa moja lisilo na kiwiliwili.

Wengine huwataja popo kama ndio waliowatia adabu wadudu waimbao, na kwa hakika senene wengi wa leo huimba kwa sauti nyembamba mno, baadhi hata kupita uwezo wa sikio la binadamu. Senene wa jenasi ya Supersonus, walioelezwa mwaka 2014 kutoka misitu ya Amerika Kusini, wana mmoja anayefikia mitetemo 150,000 kwa sekunde. Lakini visukuku vya kale vya popo vilivyo kamili, vile vya Wyoming nchini Marekani, vina miaka ipatayo milioni 52. Popo walipofika, Haglidae walikuwa wamekwisha kuwa mawe zamani. Waliowasikia walikuwa wengine.

Warithi wao, Prophalangopsidae, nao wamebaki kidogo. Zaidi ya spishi 90 za familia hiyo zinajulikana kwa visukuku, na zilizo hai ni nane tu. Baadhi wako Amerika Kaskazini, katika jenasi ya Cyphoderris, wadudu wanene wa milimani wanaoimba hata baridi ikiwa kali. Madume wao hulipa gharama nyingine ya mapenzi: wakati wa kujamiiana jike hutafuna mabawa ya nyuma ya dume, naye humwachia.

Wa ajabu kuliko wote ni Prophalangopsis obscura wa bara Hindi. Alielezwa mwaka 1869 na Francis Walker, Mwingereza aliyefanya kazi katika makumbusho ya London, kutokana na dume mmoja. Zaidi ya miaka 150 baadaye, dume huyo ndiye bado sampuli pekee iliyothibitishwa ya spishi hiyo. Hakuna aliyewahi kumrekodi akiimba.

Mwaka 2022 Charlie Woodrow, Montealegre-Zapata na wenzao walimtoa katika sanduku lake katika Makumbusho ya Historia Asilia, London, wakamulika mabawa yake makavu kwa leza, wakapima yanavyotikisika, na kuichora tupa yake kwa hadubini. Njia ilikuwa ile ile iliyotumiwa kwa kisukuku cha Daohugou, ila safari hii bawa lilikuwa bawa halisi na si alama yake katika jiwe. Matokeo yake ni noti moja safi ya mitetemo ipatayo 4,700 kwa sekunde, chini kidogo ya Archaboilus na karibu na waimbaji wengine wa Jurasiki. Yeyote atakayekwenda kumtafuta mdudu huyo katika milima ya kaskazini mwa bara Hindi, iwapo bado yupo, sasa anajua sauti ya kuitegea sikio.